Asipopatikana Mshindi, Nani Huamua? Magavana wa Marekani Waliowekwa na Bunge

Novemba 1839, wapiga kura 102,066 wa jimbo la Massachusetts walimchagua gavana. Marcus Morton wa Chama cha Democratic, aliyekuwa akigombea kila mwaka tangu 1828 bila kufanikiwa, alipata kura 51,034. Gavana aliyekuwa madarakani, Edward Everett wa chama cha Whig, alipata 50,725. Kura 307 zilizobaki zilitawanyika kwa watu wengine. Anayezitazama tarakimu hizo leo atasema Morton alishinda kwa kura 309. Kwa sheria ya wakati ule alishinda kwa kura moja. Katiba ya jimbo ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na nusu ya kura zote ilikuwa 51,033. Laiti mfuasi wake mmoja tu angempigia mtu mwingine, uamuzi ungehamia kwenye bunge la jimbo, na bungeni Whig ndio waliokuwa wengi.

Morton aliponea chupuchupu. Wengine wengi hawakuponea. Katika miongo ya mwanzo ya taifa la Marekani, kazi ya kumpata gavana iliishia mikononi mwa wabunge kwa njia mbili ambazo wasimulizi wa historia hupenda kuzichanganya. Kusini na katikati mwa nchi, bunge ndilo lililomchagua gavana tangu mwanzo, na mwananchi hakuulizwa. Kaskazini-mashariki, katika majimbo ya New England, mwananchi alipiga kura kwanza, na bunge likaingia pale tu ambapo hakuna aliyevuka nusu. Njia ya kwanza ilizaa magavana waliokosa nguvu. Ya pili ilizaa magavana waliokosa heshima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, ingawa kwa juu juu inaonekana kuwa ya kidemokrasia zaidi.

Hofu ya gavana wa mfalme

Kabla ya mwaka 1776, magavana wengi wa makoloni waliteuliwa na mfalme wa Uingereza. Waliweza kuzuia sheria na kulivunja bunge likiwaudhi. Lord Dunmore wa Virginia alilivunja bunge la koloni lake mwaka 1774. Mwaka uliofuata alikimbilia merikebuni, wananchi wakiwa wamemgeukia. Watu waliokaa kuandika katiba za kwanza za majimbo walikuwa wametoka kwenye mabunge hayo hayo yaliyovunjwavunjwa. Haishangazi kwamba walilipa bunge mpini na kumwachia gavana makali.

Kati ya majimbo 13 ya mwanzo, manane yaliamua kwamba mkuu wa serikali atachaguliwa na bunge, au na bunge pamoja na baraza la utendaji: New Jersey, Pennsylvania, Delaware, Maryland, Virginia, North Carolina, South Carolina na Georgia. Connecticut na Rhode Island ziliendelea na desturi ya zamani ya wapiga kura kumchagua gavana kila mwaka. New York, kwa katiba yake ya 1777, iliwapa wenye ardhi haki ya kumchagua gavana kwa kipindi cha miaka mitatu, na George Clinton akawa wa kwanza. Massachusetts ilifuata mkondo wa kura ya wananchi mwaka 1780, na New Hampshire mwaka 1784.

Virginia ndiyo iliyoufikisha mfumo wa bunge mwisho wake. Tarehe 29 Juni 1776 wajumbe wa mkutano wa katiba walimchagua Patrick Henry kwa kura 60 dhidi ya 45 za Thomas Nelson Mkubwa. Henry alipewa cheo kikubwa na vyombo vidogo vya kazi. Kipindi chake kilikuwa mwaka mmoja. Angeweza kuchaguliwa miaka mitatu mfululizo, kisha akae pembeni miaka minne. Hakuwa na haki ya kuikataa sheria iliyopitishwa, na katika mengi alilazimika kusikiliza ushauri wa baraza la watu wanane, nao pia waliwekwa na bunge.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana vitani. Thomas Jefferson alichaguliwa tarehe 1 Juni 1779, akimshinda rafiki yake wa tangu chuoni, John Page, kwa kura 67 dhidi ya 61. Miaka miwili baadaye, kipindi chake kikiwa kimekwisha siku mbili tu, wapanda farasi wa Uingereza chini ya Banastre Tarleton waliingia Charlottesville, mahali ambapo bunge lilikuwa limehamia kuwakimbia. Wabunge walitawanyika, wakakutana tena Staunton ng'ambo ya milima. Kwa zaidi ya wiki moja, adui akiwa ndani ya jimbo, Virginia haikuwa na gavana aliyechaguliwa, kwa sababu mwenye mamlaka ya kumweka alikuwa njiani akikimbia. Tarehe 12 Juni walimchagua Thomas Nelson Mdogo (si yule wa 1776), kamanda wa wanamgambo, na katika kikao hicho hicho wakaagiza mwenendo wa serikali iliyopita uchunguzwe. Jefferson alisafishwa mwezi Desemba, lakini hakusahau. Katika kitabu chake kuhusu Virginia alilalamika kwamba madaraka yote ya dola yamerundikwa bungeni, na kwamba watawala wa mabavu hawawi afadhali kwa kuwa ni wengi.

Hata hivyo, si haki kusema kila gavana wa bunge alikuwa kibaraka. New Jersey ilimchagua William Livingston mwaka 1776 baada ya kura za kwanza kulingana kati yake na Richard Stockton. Ilimrudisha mwaka baada ya mwaka hadi alipofariki mwaka 1790. Mtu mwenye uzito wake mwenyewe aliweza kusimama. Ila alisimama kwa sifa zake binafsi, maana katiba haikumpa mahali pa kuegemea.

Mkutano wa katiba ya taifa ulipoketi Philadelphia mwaka 1787, uzoefu huu ulikuwa mezani. Rasimu ya kwanza iliyoletwa na wajumbe wa Virginia ilitaka mkuu wa nchi achaguliwe na bunge la taifa. James Wilson wa Pennsylvania alitaka wananchi. Gouverneur Morris alionya kwamba kiongozi anayechaguliwa na wabunge atakuwa zao la njama na makundi. Baada ya wiki nyingi za kubishana waliunda utaratibu wa wajumbe maalumu wa uchaguzi, lakini bunge halikutoka kabisa: asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, Baraza la Wawakilishi lingeamua. Yaani ule ugomvi wa majimboni ulihamishiwa kwenye kifungu cha akiba.

Viti na vichwa

Anayetaka kuona kwa karibu jinsi bunge lilivyomweka gavana aende Georgia. Siasa za jimbo hilo mwanzoni mwa karne ya 19 ziligawanyika kati ya makundi mawili yaliyofuata watu kuliko sera. Kundi la William Crawford na George Troup lilikuwa na nguvu kwa wenye mashamba makubwa. La John Clark lilipendwa na wakulima wadogo wa mpakani. Uhasama wenyewe ulikuwa wa risasi: mwaka 1806 Clark na Crawford walipambana kwa bastola, na Clark akamvunja Crawford kifundo cha mkono wa kushoto.

Mwaka 1819 wabunge walipokutana katika mji mkuu wa wakati huo, Milledgeville, Clark alimshinda Troup. Mwaka 1821 walipambana tena: Clark 74, Troup 72. Mwaka 1823 Troup alimwangusha Matthew Talbot, mgombea wa upande wa Clark, kwa 85 dhidi ya 81. Mwaka 1821, mbunge mmoja tu angehama upande, kura zingelingana. Mwaka 1823 walihitajika wawili. Mgombea hakuwa na sababu ya kuzunguka jimbo zima akinadi sera. Ilimtosha kujua ni mbunge gani ana ndugu anayetafuta cheo, na yupi amenuniana na wenzake.

Mwaka 1824 katiba ilirekebishwa, na mwaka 1825 wapiga kura wa Georgia walimchagua gavana wenyewe kwa mara ya kwanza. Troup alimshinda Clark kwa kura 683. Katika uchaguzi huo huo, watu wa Clark walipata wingi bungeni. Kwa hiyo kwa kanuni ya zamani gavana angekuwa Clark, na kwa kanuni mpya alikuwa Troup, ilhali wapiga kura ni wale wale na mwaka ni ule ule.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kura ya wananchi huhesabu vichwa, na kura ya bunge huhesabu viti, na viti havikugawanywa kwa usawa. Virginia ya mashariki, yenye mashamba ya watumwa, ilikuwa na viti vingi kuliko idadi ya wapiga kura wake ilivyostahili, na watu wa milimani magharibi walilalamika kwa miongo mingi. Walipigania jambo hilo katika mkutano wa katiba wa 1829 na 1830 wakashindwa. Ni kwa katiba ya 1851 tu ndipo gavana, Joseph Johnson, alipochaguliwa na wapiga kura. South Carolina, iliyotawaliwa na matajiri wa nyanda za pwani, ilishikilia mfumo wa bunge hadi baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wenye watumwa waliogopa gavana mwenye kura za watu wengi nyuma yake, kwa kuwa huyo angeweza kudai kusema kwa niaba ya jimbo zima.

Neno "wananchi" hapa lisitupumbaze. Wapiga kura karibu wote walikuwa wanaume weupe. Wanawake, Waafrika waliokuwa utumwani na wenyeji wa asili karibu hawakuulizwa kabisa, katika mfumo huu au ule. Troup aliyechaguliwa kwa vichwa mwaka 1825 ndiye aliyesukuma kwa nguvu zote taifa la Wacreek linyang'anywe ardhi yake Georgia. Waliolipa gharama kubwa kuliko wote hawakuwa na kura wala kiti.

Nusu isiyofikiwa

New England ilianza na nia njema. Gavana awe chaguo la zaidi ya nusu ya watu. Asipopatikana, wawakilishi wao wamalizie kazi. Msomaji wa Kenya anaifahamu asilimia 50 jumlisha kura moja, na anajua kwamba wakikosekana wa kuifikia, wawili wa juu hurudi kwa wananchi kwa duru ya pili. Massachusetts na jirani zake hawakuwa na duru hiyo. Rhode Island ilijaribu kuwaita wapiga kura tena. Mwaka 1832 waliitwa zaidi ya mara moja bila mtu kufikia nusu, na gavana Lemuel Arnold akaendelea kukaa ofisini.

Mwanzoni utaratibu huu wa nusu ulifanya kazi bila kelele nyingi, kwa sababu mara nyingi palikuwa na mtu mmoja aliyeheshimiwa na wote. Heshima hiyo ilipopungua, nyufa zilionekana. Mwaka 1785 John Langdon alipewa urais wa jimbo la New Hampshire, kama cheo cha gavana kilivyoitwa huko, ingawa George Atkinson alikuwa amempita kwa kura za wananchi. Mwaka huo huo Massachusetts haikupata mtu wa zaidi ya nusu, na Seneti ikamweka James Bowdoin. Aliyapokea madaraka bila kuungwa mkono na umma kwa wingi, na mwaka uliofuata wakulima wenye madeni wakaasi chini ya watu kama Daniel Shays. Bowdoin aliuzima uasi kwa jeshi, na mwaka 1787 wapiga kura wakamwondoa kwa kishindo na kumrudisha John Hancock. Vermont, iliyokuwa bado nje ya muungano, mwaka 1789 ilimwona Thomas Chittenden, gavana wake wa tangu 1778, akiongoza kwa kura bila kufika nusu, huku akiandamwa na tuhuma kwamba alimgawia Ira Allen ardhi nje ya utaratibu. Bunge likamchagua Moses Robinson. Mwaka mmoja baadaye wapiga kura walimrudisha Chittenden.

Vyama vya tatu ndivyo vilivyouvunja kabisa mfumo. Panapokuwa na wagombea wawili, karibu kila mara mmoja huvuka nusu. Wakiwa watatu wenye nguvu, nusu huwa ndoto. Vermont ya miaka ya 1830 ilikuwa na chama chenye nguvu kilichopinga Frimasoni, na mgombea wake, William Palmer, alitegemea bunge mara kwa mara. Mwaka 1835 wabunge walipiga kura mara 63 bila kumpata gavana. Wakachoka, wakaacha, na naibu gavana Silas Jennison, ambaye yeye alikuwa amechaguliwa na wananchi, akaendesha jimbo.

Massachusetts iliugeuza mkwamo kuwa soko. Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 1850, George Briggs wa Whig aliongoza bila kufika nusu. Bungeni, Chama cha Democratic na kile cha Free Soil, kilichopinga kuenea kwa utumwa, vilikubaliana: cha kwanza kipewe ugavana, cha pili kipewe kiti cha Seneti ya taifa. Mwezi Januari 1851 George Boutwell, aliyeshika nafasi ya pili, akawa gavana. Tarehe 24 Aprili, baada ya kupiga kura mara 26, Charles Sumner alichaguliwa kuwa seneta kwa ziada ya kura moja. Sumner alikuja kuwa miongoni mwa sauti kali kuliko zote dhidi ya utumwa, na wengi tutafurahi kwamba alipata kiti. Lakini ukweli unabaki kwamba wapiga kura wa Massachusetts walihesabiwa, kisha matokeo yao yakawa mtaji wa biashara ya watu wengine. Mwaka 1855 jimbo liliamua kwamba anayeongoza kwa kura, hata bila nusu, ndiye gavana.

Kisa cha ajabu kuliko vyote ni cha Maine, iliyorithi utaratibu wa Massachusetts. Baraza la Wawakilishi lilichagua majina mawili kati ya manne ya juu, kisha Seneti ikachagua mmoja kati ya hao wawili. Mwaka 1878 Selden Connor wa Chama cha Republican alipata karibu asilimia 45 ya kura. Joseph Smith wa chama cha Greenback, kilichotaka noti za karatasi zisizofungwa na dhahabu, alipata karibu 33. Alonzo Garcelon, daktari wa Chama cha Democratic, alipata karibu 22. Wapinzani wa Connor walikuwa wengi katika Baraza la Wawakilishi; wakapeleka majina ya Smith na Garcelon. Seneti ilikuwa ya Republican, na jina la mtu wao halikuwamo. Ikamchagua Garcelon, kwa kuwa kwao alikuwa na nafuu kuliko Smith. Mtu aliyekataliwa na karibu wapiga kura wanne kati ya kila watano akaapishwa bila kifungu chochote cha katiba kuvunjwa. Mwaka uliofuata hesabu za kura za wabunge zilizua mgogoro mkubwa zaidi. Januari 1880 jenerali mstaafu Joshua Chamberlain alilazimika kusimamia ulinzi wa jengo la bunge mjini Augusta kwa siku 12 ili watu wasichinjane. Mwaka huo Maine nayo ikaiacha kanuni ya nusu.

Connecticut ilichelewa zaidi. Uchaguzi wa 1890 ulikwama kati ya mabaraza mawili ya bunge yasiyoelewana, na gavana aliyekuwa madarakani, Morgan Bulkeley, akaendelea kukaa ofisini miaka miwili ambayo hakuchaguliwa. Mpinzani mmoja serikalini alibadili kufuli la ofisi. Bulkeley akaufungua mlango kwa mtaimbo. Bunge lilikataa kupitisha fedha, naye akaendesha jimbo kwa mkopo wa kampuni yake ya bima. Gavana wa New York alikataa hata kumtambua. Kanuni ilibadilishwa mwaka 1901.

Hoja ya upande wa pili

Mfumo huu haukuwa na watetezi wajinga. Katika jimbo lenye barabara mbovu na magazeti machache, mbunge aliwajua wagombea kuliko mkulima aliyekuwa mbali na mji mkuu. Kanuni ya nusu nayo ina mantiki: anayeongoza kwa asilimia 35 huenda amekataliwa na wote waliobaki. Bunge lililogawanyika linaweza kumpata mtu anayekubalika na pande mbili, jambo ambalo kura moja ya wananchi haiwezi.

Hoja hizo zina uzito pale ambapo bunge linaangalia maoni ya wananchi na kuyafuata. Vermont imeonyesha kwamba inawezekana. Kanuni ya nusu bado imo katika katiba yake. Mwaka 2014 Peter Shumlin aliongoza kwa kura 2,434 tu bila kufika nusu, na Januari 2015 wabunge, kwa kura ya siri, walimpa 110 dhidi ya 69 za Scott Milne. Desturi ya kumchagua aliyeongoza imeufunga mkono wa bunge kuliko sheria. Lakini desturi hudumu kwa hiari ya walioishika. Mwaka 1853 bunge hilo hilo la Vermont, baada ya kupiga kura mara 20, lilimpa ugavana John Robinson wa Democratic aliyekuwa nyuma ya Erastus Fairbanks.

Georgia ilionyesha upande wa giza. Rekebisho la 1824 lililowapa wananchi kura lilibakiza kifungu cha nusu, na kifungu hicho kikalala kwa vizazi. Mwaka 1966 Bo Callaway wa Republican alipata kura 453,665, Lester Maddox wa Democratic 450,626, na wengine waliandika jina la gavana wa zamani Ellis Arnall. Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliruhusu bunge liamue. Januari 1967 bunge lililojaa Democratic lilimchagua Maddox kwa 182 dhidi ya 66, mtu aliyejulikana kwa kuwafukuza wateja weusi mgahawani kwake. Mississippi nayo kwa katiba ya 1890, iliyoandikwa ili kuwanyima Wamarekani weusi sauti, ilimtaka gavana ashinde zaidi ya nusu ya kura na pia zaidi ya nusu ya maeneo ya uwakilishi, la sivyo bunge lichague. Mwaka 1999 Ronnie Musgrove aliongoza kwa kura za wananchi, maeneo yakagawanyika 61 kwa 61, na Baraza la Wawakilishi likamchagua. Wapiga kura walikifuta kifungu hicho mwaka 2020.

Visa hivi, kutoka Milledgeville hadi Augusta, vinatufundisha kupima katiba kwa kipimo tofauti na tulichozoea. Sura zake kuu husema nani anapiga kura na kura zinahesabiwaje, na huko ndiko mijadala hujaa. Kifungu kinachoeleza nini kifanyike hesabu isipotoa jibu huandikwa haraka, mara nyingi usiku wa mwisho, kwa imani kwamba hakitahitajika. Kinahitajika mara tu chama cha tatu kinapoibuka, na wakati huo aliyepewa neno la mwisho tayari amekaa kwenye kiti chake, anajua anamtaka nani. Virginia ya 1776 angalau ilisema wazi kwamba gavana ni wa bunge. Maine ya 1878 ilimwita mwananchi apige kura, ikamhesabia, kisha ikamweka mtu wa nafasi ya tatu. Kati ya hizo mbili, ni rahisi kwa raia kuisamehe ile ambayo haikumwahidi kitu.